Kikapu cha Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mwenye funguo. Nilikuwa nimetoka Kalenga kwa gari la mboga, nimejifunga kanga mbili juu ya sweta la kaka yangu, maana baridi ya Iringa mwezi wa saba haina adabu. Nikakaa kwenye ngazi za karakana ya chama cha wasokotaji na wafumaji, msichana wa miaka kumi na tisa, na mfukoni nina barua ya mchungaji iliyosema kwamba Salome ni mtulivu na mchapakazi. La pili lilikuwa kweli.

Nyinyi vijana wa chama mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyofanyika wakati wetu. Nitaandika, ila msitegemee sifa tupu. Kuna jambo nimelibeba tangu Ilomba, kule Mbeya, nalo litakuja mahali pake.

Siku zile sufu ilikuja kwa magunia kutoka kwa wafugaji wa kondoo wa milimani, imejaa mafuta, samadi na mbegu za nyasi zisizotaka kutoka. Tuliichambua kwa vidole. Kisha tuliiosha kwa maji ya vuguvugu bila kuisugua, kwa sababu sufu ikisuguliwa kwenye maji ya moto hushikamana ikawa kama zulia la mlangoni, na hapo kazi yako imekwisha. Ikikauka tuliichana kati ya vibao viwili vyenye meno ya waya hadi tukapata visongo vyepesi vya kushika mkononi. Kwenye kisongo ndipo msokotaji anavuta nyuzinyuzi na kuzipa mzunguko kwa pia, yaani kijiti chenye kisahani cha mbao, kinachoning'inia na kuzunguka. Mzunguko ndio uzi wenyewe. Bila mzunguko una manyoya ya kondoo tu, na kondoo anayo zaidi yako.

Mwalimu wa Usokotaji alikuwa mama wa Kibena, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi aliousokota mwenyewe. Asubuhi ile alinipa pia na kisongo. Nikaizungusha pia, nikaona uzi unatoka, nikainua macho nisifiwe.

“Pia yako inakwenda wapi, binti?” akaniuliza.

“Inashuka chini, mwalimu.”

“Inarudi Kalenga. Hebu tazama ya mwenzako.”

Nikatazama. Pia ya msichana wa jirani ilizunguka upande mmoja, yangu upande wa pili. Wenzangu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

Mimi nina mashoto. Nyumbani bibi yangu aliufunga mkono wangu wa kushoto kwa kitambaa kila tulipokula ugali, hadi nikajifunza kula, kusalimia na kupokea kitu kwa mkono wa kulia kama watoto wenye malezi. Lakini kusokota hakuna aliyewahi kunifundisha nyumbani, kwa hiyo mkono wa kushoto ulidhani hiyo ni kazi yake.

Mwalimu alinieleza jambo ambalo mpaka leo nalieleza vilevile. Anayezungusha pia kwa mkono wa kulia, uzi wake hujisokota upande mmoja. Wa kushoto hujisokota kinyume. Kwa macho ya haraka hutofautishi. Ila ukizichanganya katika kitambaa kimoja, kila uzi huvutia kwao. Kitambaa kikiwa bado kimekazwa kwenye kitanda cha kufumia, kimetulia kabisa, utakisifu. Kikishaoshwa ndipo kinasema siri zake: kinajikunja, kinafanya mabonde na vilima, na hakuna pasi itakayokinyoosha.

“Chama kina mkono mmoja,” Mwalimu akaniambia. “Huo mwingine uuache mlangoni pamoja na ndala.”

Basi nikakaa miezi minne nikielekea ukuta, nikijifunza upya kwa mkono wa kulia. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikunjwa. Uzi wangu ulikuwa na vifundo kama njegere, ukakatika mara kwa mara, na pia yangu ilianguka sakafuni kwa kelele hadi wenzangu wakawa wananiita Mama Ngoma. Nilichukia. Lakini sikutaka kurudi Kalenga kulima mahindi, na nilitaka sana kuitwa fundi.

Mwalimu alikuwa na namna yake ya kukagua. Hakuutazama uzi. Alifumba macho, akaushika kati ya kidole gumba na cha shahada, akauviringisha kwenda mbele. Uzi wa mkono wa kulia ukiviringishwa hivyo hukaza. Wa kushoto hufunguka, unalegea kama unataka kurudi kuwa sufu. Siku moja akafumba macho na uzi wangu mkononi, akasema, “Umekaza.” Nikatoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya mapipa ya rangi.

Nilihamishiwa kwenye mapipa hayo, kisha kwenye vitanda vya kufumia. Kwa Msimamizi wa Rangi nilijifunza kuchemsha magome ya miwati tukapata kahawia, na maganda ya vitunguu tukapata manjano, na kutia shabu, lile jiwe jeupe linaloifanya rangi ishike isitoke kwenye kufua. Kwa Msimamizi wa Vitanda nilijifunza mtande, nyuzi za urefu zinazokazwa kwanza, na mshindio, uzi unaopita kushoto kulia kuzifunga. Huyu alikuwa mzee asiyependa maneno. Nilipokosea hakunigombeza, alileta kigoda, akakaa karibu yangu, akaanza kufumua. Tulifumua pamoja hadi lilipo kosa, tukiwa kimya. Ningependa angenitukana tu.

Tulikuwa na desturi moja, ambayo nashukuru mnaendelea nayo. Mtu akistaafu, chama humfumia blanketi la kuagwa. Kila aliyefundishwa naye au kufanya kazi chini yake huleta shada moja la uzi aliousokota kwa mkono wake, bila kutiwa rangi, na mashada hufumwa kwa mfuatano wa jinsi mlivyokutana. Mwalimu wa Usokotaji alipostaafu, alifumba macho mbele ya watu wote, akapitisha vidole juu ya blanketi lake na kututaja mmoja mmoja. “Huyu ni Salome,” akasema alipofika kwangu. “Mvivu wa kuchambua, uzi safi.” Tulicheka hadi machozi. Nikajiambia moyoni kwamba na mimi siku yangu ikifika nitawasoma watu wangu hivyohivyo.

Baada ya hapo Katibu akaniita. Alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walikuja Iringa kutoka pwani kufungua duka, na alizungumza Kiswahili kilichotufanya sisi watu wa bara tujione tunakwaruza sufuria.

“Mwanangu,” alisema, “tunakupeleka Idodi ukawafundishe kina mama kusokota pamba. Kuna joto, na kuna pamba. Joto utalizoea. Pamba ndiyo isiyozoeleka.”

Alisema kweli. Pamba ina nyuzinyuzi fupi, inataka mzunguko mwingi na wa haraka, na kwenye ukavu wa Idodi ilinikatikia kila hatua. Kina mama niliwafundisha kwa mkono wa kulia. Lakini nilikaa peke yangu kule, mbali na macho ya chama, na Jumapili moja nikajaribu kwa mkono wa kushoto. Pamba ikatii. Uzi ulikuja mwembamba, laini, kwa nusu ya muda. Nilijisikia vizuri, na papo hapo nikajisikia mwizi. Uzi ule nilishonea tu vifungo vyangu, haukuingia kwenye mali ya chama. Niliendelea hivyo miaka mitatu, kulia mbele ya watu, kushoto nyuma ya nyumba.

Kutoka Idodi nilipelekwa Mbeya kufungua tawi, nikiwa na cheo cha Msimamizi. Tulipanga chumba kikubwa Ilomba, tukaweka vitanda viwili, nikaandikisha kina mama tisa. Mmoja alikuwa binti wa Kinyakyusa aliyeitwa Tumpe. Alikuja na kanga ya mama yake na maswali mengi. Nilipompa pia siku ya kwanza, akaichukua kwa mkono wa kushoto.

Hapo ningeweza kusema neno moja la kumsaidia. Badala yake niliusikia mdomo wangu ukisema, “Chama kina mkono mmoja.”

“Lakini mama, huu wa kulia ni mzito,” akasema Tumpe.

“Utazoea.”

“Na nisipozoea?”

“Utazoea,” nikarudia, nikamgeuza aelekee ukuta.

Hakuzoea. Mkono wake wa kulia ulitoa uzi wa vifundo, na bado alikuja kila siku, akisalimia “Mugonile, mama” kwa sauti iliyofanya chumba kichangamke. Nilimpenda yule binti. Nasema wazi, kwa sababu baada ya nitakayoyasimulia mtadhani sikumpenda.

Mwaka wa pili tukapata kazi kubwa: mablanketi ishirini ya bweni la wasichana, sufu ya rangi yake ya asili. Yalikuwa ya kwanza kwa tawi letu, na Iringa walikuwa wanatazama kama Ilomba inafaa kuendelea au ifungwe. Uzi ukapungua. Kina mama walikuwa na mashamba na wagonjwa na harusi, na siku ya kukabidhi inakuja. Nikachukua sufu nyumbani. Jumapili baada ya ibada nilikaa nyuma ya nyumba na kusokota kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ndio uliokuwa na kasi. Nilijidanganya kwamba mashada machache hayataonekana kati ya mengi. Mimi, niliyewafundisha wengine kwamba huonekana.

Jumapili moja Tumpe alikuja kuniletea ndizi kutoka kwao. Hakupiga hodi mlangoni, alizunguka nyuma. Nikaiweka pia chini haraka kama mtoto aliyekutwa na sukari. Aliweka ndizi, akanisalimia, akaaga. Hakusema chochote kuhusu pia.

Mablanketi yakafumwa, yakaoshwa, yakaanikwa. Kumi na manne yalikauka vizuri. Sita yakajikunja. Mistari mipana ilivimba katikati, kama paji la uso la mtu aliyekasirika.

Kwa bahati mbaya, au labda ndivyo ilivyostahili, Mkaguzi wa Vitambaa alikuwa amefika siku hiyo kutoka Iringa. Alikuwa mzee mrefu, mpole wa sura na mkali wa kazi. Alikata kipande cha uzi kutoka kwenye mstari uliovimba, akakiviringisha kidoleni. Kikafunguka.

“Nani humu ana mashoto?” akauliza.

Kina mama wote wakamtazama Tumpe. Tumpe akanitazama mimi. Hakunikodolea macho, alinitazama tu, anangoja. Nami nilikuwa na jibu mdomoni. Nilifikiria cheo changu, tawi, Mwalimu aliyenitaja mbele ya watu kuwa na uzi safi. Nikautazama ukuta.

“Msimamizi,” Mkaguzi akaniambia, “kanuni unaijua: anayeingiza uzi wa kushoto huondoka. Huyu aende.”

“Tumpe,” nikasema, “kusanya vitu vyako.”

“Haya, mama.”

Hakukusanya chochote ila pia yake. Aliiweka kwenye mkoba, akafunga kanga, akatoka. Mkaguzi alinisifu kwamba ninaweka kazi mbele ya huruma. Mablanketi sita tuliyafumua na kuyafuma upya, tukakabidhi kwa wakati, na tawi likabaki. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi ndiye niliyekuwa ndani ya nguo ile.

Miaka niliyofanya kazi baada ya hapo inatosha kuzeesha mtu. Yule mzee alipostaafu, nikapewa nafasi yake. Nikawa Mkaguzi wa Vitambaa, nikizunguka kati ya Iringa, Idodi na Mbeya, nikifumba macho na kuviringisha uzi kama Mwalimu wangu. Mliniogopa, najua. Mlikuwa mnaniita Bibi Kaza mkidhani sisikii. Nilikuwa mkali hasa kwa wenye mashoto. Wawili niliwageuza ukutani, wa tatu alikataa akaenda zake, na nilimwonea wivu alivyofunga mlango. Ilomba nilipokwenda kukagua nilipita njia ya mbali ili nisikutane na mtu.

Mwaka jana nikastaafu. Vidole vimeanza kukakamaa na macho hayaoni mtande mweusi. Mkaniandalia sherehe pale karakana, wali, nyama, hotuba ndefu ya Mwenyekiti, kisha blanketi langu likaletwa limekunjwa. Mkapiga makofi mkitaka niwasome. Nikafumba macho, nikaanza.

Mstari wa kwanza, pamba, nikajua ni kina mama wa Idodi, na nilimtaja mmoja ambaye uzi wake mpaka leo una mchanga. Mkacheka. Nikaendelea kwenye sufu ya Ilomba, mama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha vidole vikapita juu ya mahali palipoinuka kidogo. Nikaushika uzi uliolegea pembeni, nikauviringisha kwenda mbele. Ukafunguka.

Nilibaki nimefumba macho. Sikutaja jina. Mlidhani nimechoka au nimeguswa na sherehe, mkanipigia vigelegele, na Mwenyekiti akanikalisha. Baadaye nilimuuliza kwa sauti ya chini kama hakuliona kosa lile.

“Tuliliona, bibi,” alinijibu. “Wafumaji walitaka kuurudisha. Lakini aliyeuleta alikuja mwenyewe kutoka Mbeya, akasema ni shada lake, ni haki yake kwa sababu ulimfundisha, na kwamba wewe utamjua. Tukaona tusibishane na mgeni.”

Uzi ule ulikuwa laini kuliko yote kwenye blanketi. Miaka yote ile Tumpe alikuwa anasokota.

Nililala na blanketi lile wiki mbili. Halikuniacha nilale. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sikutaka kuumbuliwa na kifo, watu wakinisifu juu ya kaburi. Nikapanda basi kwenda Mbeya.

Nyumba ya Tumpe Ilomba haikunisumbua kuipata, kila mtu aliijua kama kwa Mama Nyuzi. Nilimkuta barazani na wanawake sita, wengine wasichana, wengine wa umri wake, wote wameshika pia zinazozunguka. Amenenepa, nywele zimeingia mvi. Aliponiona alisimama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Tumpe.”

Akanipa kiti na chai. Sikuanza na habari za safari. Macho yangu yalikuwa yamekwama kwenye sakafu ya baraza, ambako palikuwa na vikapu viwili vya ukindu. Msichana mmoja alimaliza shada akaliweka kikapu cha kulia. Mwingine, aliyezungusha pia kwa mkono wa kushoto, akaliweka cha kushoto. Hakuna aliyemtazama.

“Hivi ndivyo mnavyofanya?” nikauliza.

“Ndiyo, mama. Blanketi hili linafumwa kwa uzi wa kikapu hiki, lile kwa uzi wa kile. Hayajikunji.”

Niliviangalia vile vikapu hadi chai ikapoa. Miezi minne ya ukuta. Binti aliyefukuzwa. Watatu wengine. Dawa yake ilikuwa kikapu cha pili, kitu kinachouzwa sokoni karibu na nyanya. Hasira niliyoisikia sikujua nimtupie nani, na mwisho nikaona sina wa kumtupia ila mwenyewe.

“Uliniona ile Jumapili,” nikamwambia.

“Nilikuona, mama.”

“Mbona hukusema mbele ya Mkaguzi?”

Tumpe alivuta uzi wake kidogo kabla ya kujibu. “Ulikuwa mwalimu wangu. Nilingoja useme wewe.”

“Umengoja sana.”

“Sana,” akasema, bila kunipunguzia. “Mwaka wa kwanza nililia. Halafu nikaacha kulia nikaendelea na kazi. Niliposikia unaagwa nikasema acha nimkumbushe. Asipokuja, basi.”

Nimemwandikia Mwenyekiti kuhusu kanuni ya mkono mmoja, na nyinyi mtakaosoma haya mtajua niliyoyafanya kabla hamjaifuta. Kazi yetu nilidhani ni kuufanya uzi wote uwe sawa. Nilikagua vitambaa vingi kwa vidole hivi, na sikuwahi kujikagua. Hilo ndilo fundisho langu la kustaafu, si zuri, lakini ndilo nililonalo.

Barazani pale Tumpe aliinama, akatoa pia kutoka kwenye mkoba wake. Nilikitambua kisahani chake, kilikuwa na ufa mdogo tangu siku zile. Akanipa pamoja na kisongo cha sufu nyeupe. Kisongo nikakishika kwa mkono wa kulia, ile pia nikaishika kwa wa kushoto, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile niliyotoka Kalenga. Vidole vilikakamaa mwanzoni. Kisha pia ikazunguka, uzi ukashuka laini, na wanawake wakaacha mazungumzo yao wakatazama.

Uzi ulipotosha nikaukata, nikampa. Tumpe hakuuviringisha. Alinitazama usoni kama alivyonitazama siku ile, anangoja, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

“Huu niuweke kikapu kipi, mama?”

“Cha kushoto,” nikasema. “Mimi nina mashoto. Na uzi ulioharibu yale mablanketi sita ulikuwa wangu.”

Akauweka.